Nyumba ya akina Hatoyama pale Otowa, Tokyo: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Wadau mlioko Tokyo, au mnaopita kwa siku chache na mshachoka kupiga picha Shibuya na Asakusa, nendeni Hatoyama Kaikan. Ni nyumba tu. Nyumba ya familia moja ya wanasiasa iliyogeuzwa makumbusho, iko Otowa, wilaya ya Bunkyo, mimi nililipa kiingilio yen 600 bei ya mtu mzima, na kwa hela hiyo, ambayo huku hata bakuli zuri la tambi hupati, unasimama kwenye sebule ambayo watu walikaa kwenye makochi wakapanga nani atawale Japani na nani asitawale.

Natoa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni ya chini ya ardhi laini ya Yurakucho, unashuka Edogawabashi au Gokokuji, yoyote utakayoona sawa, kisha unatembea dakika chache kufuata barabara ya Otowa, ndo hiyo hiyo yenye makao makuu ya Kodansha, wale wachapishaji wakubwa wa vitabu na manga. Ukiona geti usidhani umefika, maana nyumba yenyewe hata haionekani kutoka barabarani, kuna kinjia kinapanda kilima na kukata kona, we panda mdogo mdogo, na kama umeenda na mzee mpe muda wa kupumua. Ukimaliza kona ndo linakutokea jumba lenyewe, mtindo wa Kiingereza, na ukigeuka huku kuna bustani ya majani na mawaridi.

Jumba lilijengwa 1924, mwaka mmoja tu baada ya lile tetemeko la 1923 lililoiteketeza Tokyo, kwa hiyo mwenyewe hakutaka utani, akajenga kwa zege la nondo. Mchoraji wa ramani ni Okada Shin'ichiro, rafiki yake mwenye nyumba tangu wakiwa shule, fundi mkubwa enzi hizo. Tazama juu kabla hujaingia. Familia hii alama yao ni njiwa, kwa hiyo njiwa wamejaa kila mahali, kwenye kuta, kwenye vioo, ila juu ya paa wameweka na bundi, aisee bundi! Kwetu ukimwona huyo amekaa juu ya nyumba yako unaanza kupiga simu kwa ndugu kuuliza kama wote wazima, wenzetu wamemtengeneza wakampandisha wenyewe.

Ndani ghorofa ya chini kuna sebule, chumba cha kulia na kibaraza cha vioo cha kuotea jua, na milango ya katikati inakunjwa pembeni vyumba vinakuwa kimoja kirefu, mwanga unaingia kutoka bustanini. Ukipanda ngazi utakutana na kioo cha rangi, njiwa wanaruka na pagoda ya ghorofa tano nyuma yao, kazi ya Ogawa Sanchi, na nakushauri usikimbilie juu, simama pale kwanza. Mimi si mtu wa sanaa kivile ila pale nilikaa.

Sasa, uzuri wa nyumba ni kitu kimoja, lakini ukienda bila kujua habari za wenyewe utaona makochi na picha za wazee wamevaa suti, utatoka unasema ni pazuri, basi. Kwa hiyo hapa nawapa habari yenyewe, msome kwenye treni mkiwa mnaenda.

Aliyeanza ni Hatoyama Kazuo, amezaliwa 1856 familia ya kisamurai, serikali mpya ya Meiji ikampeleka Marekani kusoma sheria, akapita Columbia na Yale, akarudi akawa wakili, akaingia bungeni na 1896 akawa spika. Mke wake Haruko naye si wa kukaa jikoni, ni mmoja wa waanzilishi wa shule ya wasichana ya Kyoritsu mwaka 1886, ambayo leo ni chuo kikuu. Wakamzaa Ichiro, 1883. Huyu ndo mwenye nyumba. Na huyu ndo wa kukaa naye muda mrefu.

Ichiro aliingia bungeni 1915, akawa waziri wa elimu 1931 hadi 1934, na kipindi hicho ndo ilitokea kesi ya profesa Takigawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, 1933, alitimuliwa kwa sababu ya mafundisho yake ya sheria ambayo wakubwa hawakuyapenda, waliomtimua ni wizara ya huyu huyu Ichiro. Likumbukeni hilo kwa sababu baadaye mzee anajulikana kama mpenda uhuru na udugu wa binadamu, kaulimbiu yake ilikuwa hiyo, udugu, aliichukua kwa Coudenhove-Kalergi, yule muasisi wa wazo la Ulaya moja ambaye mama yake alikuwa Mjapani. Binadamu ana pande nyingi.

Vita vikaisha. Novemba 1945 Ichiro akaanzisha chama cha Liberal, na mipango ya chama ilipikwa kwenye nyumba hii hii unayotembea ndani yake. Aprili 1946 uchaguzi, chama chake kikapata viti vingi kuliko vyote, kwa hiyo uwaziri mkuu ni wake, kilichobaki ni kuapishwa tu. Mei, jeshi la Marekani lililokuwa linatawala Japani likampiga marufuku ya siasa kwa sababu ya rekodi yake ya kabla ya vita. Yaani mtu umeshinda, suti umeshapiga pasi, unaambiwa wewe hapana.

Afanyeje? Akamwita Yoshida Shigeru, balozi mstaafu ambaye hata mwanachama halisi hakuwa, akamwachia chama amshikie. Inasimuliwa walikubaliana kwamba marufuku ikiondoka Yoshida atarudisha. Wote mnajua hizi habari za nishikie mara moja. Yoshida alikaa. Marufuku ya Ichiro iliondolewa 1951, ila wiki chache kabla ya kuondolewa mzee akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalegea, na Yoshida akasema mtu mgonjwa hawezi kazi hii. Wakaanza vita vya miaka mitatu ndani ya chama. Mwaka 1953 Yoshida akajisahau bungeni akamtukana mbunge mwenzake mpumbavu, kwa sauti ya chini tu lakini kipaza sauti kikadaka, bunge likavunjwa, na kundi la Ichiro likajitenga. Hatimaye Desemba 1954 Yoshida akang'oka na Ichiro akawa waziri mkuu, miaka minane baada ya kukishinda kile kiti, anatembea kwa kushikiliwa. Wajapani wakampenda balaa. Walimwonea huruma, na kusema kweli Yoshida alikuwa ameshawachosha.

Kuna hadithi moja ya hii nyumba ambayo mimi naipenda kuliko zote. Januari 1955, Japani na Urusi ya Kisovieti hawana ubalozi, hawaongei, kisheria bado wako vitani. Basi mwakilishi wa Kirusi aliyebaki Tokyo, anaitwa Domnitsky, serikali ilikuwa haimtambui, wizara ya mambo ya nje haitaki kumpokea, akaja hapa Otowa na barua kutoka Moscow, na inasimuliwa alipitishwa mlango wa nyuma upande wa jikoni waandishi wa habari wasimwone. Barua ikaingia kwa mlango wa nyanya na vitunguu. Kutokana na hiyo barua mazungumzo yakaanza, na Oktoba 1956 mzee Ichiro na kiharusi chake akasafiri mpaka Moscow kutia saini, uhusiano ukarudi, mateka wa mwisho waliokuwa Siberia wakarudishwa, Warusi wakaacha kuiwekea Japani veto na tarehe 18 Desemba 1956 Japani ikaingia Umoja wa Mataifa. Siku chache baadaye mzee akaachia ngazi mwenyewe. Alikufa 1959. Mkataba wenyewe wa amani haujasainiwa mpaka leo kwa sababu ya vile visiwa vya kaskazini, lakini hiyo ni habari nyingine ndefu.

Na katikati ya hapo, Novemba 1955, vyama viwili vya kihafidhina viliungana kikazaliwa chama cha LDP, ambacho ndo kimetawala Japani karibu muda wote tangu siku hiyo. Rais wa kwanza wa LDP ni huyu huyu Ichiro, 1956. Shikilieni hilo.

Ukipanda ghorofani utakuta vyumba vya kumbukumbu vya Ichiro, cha mkewe Kaoru, na cha mtoto wao Iichiro. Huyo Iichiro ni mtu wa mafaili, alifika kuwa katibu mkuu wizara ya fedha kabla ya kuingia baraza la juu 1974, na waziri mkuu Fukuda akampa uwaziri wa mambo ya nje 1976 kwa mwaka mmoja hivi. Sina mengi ya kusema juu yake, na nadhani hata yeye angependa hivo. Ila alioa vizuri! Mkewe Yasuko ni binti wa Ishibashi Shojiro, mwanzilishi wa Bridgestone, ndio, matairi hayo hayo unayoyaona kwenye malori kule kwetu. Hapo jina la Hatoyama likakutana na hela za Ishibashi, wakazaliwa Yukio 1947 na Kunio 1948, wakakulia kwenye nyumba hii.

Haya, Yukio ndo aliyenifanya nije. Huku wana msemo kwamba ili ushinde ubunge unahitaji vitu vitatu, ngome, jina na mkoba, yaani hela, na mtoto wa mwanasiasa huwa anarithi vyote akiwa bado anajifunza kufunga tai. Angalia orodha: Abe Shinzo, aliyekuwa waziri mkuu, ambaye wanafunzi wengi kutoka Afrika tunamjua kwa ule ufadhili wa ABE Initiative alioutangaza 2013 kwenye TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, kule Yokohama, ni mjukuu wa Kishi Nobusuke, naye waziri mkuu wa zamani. Aso Taro ni mjukuu wa Yoshida. Koizumi baba, waziri mkuu wa zamani, na mtoto wake nao wapo. Kwa hiyo Yukio si wa ajabu kwa kuwa mjukuu, wa ajabu ni njia aliyopita.

Kwanza hakutaka siasa. Alisoma uhandisi Chuo Kikuu cha Tokyo, akaenda Stanford akachukua udaktari wa falsafa, fani yake ni ile ya kutumia hesabu kufanya maamuzi, akarudi akawa mwalimu wa chuo. Mdogo wake Kunio ndo alikuwa mwanasiasa wa nyumba, aliingia bungeni 1976, tena kwa kiti cha Tokyo. Yukio alikuja kuingia 1986, miaka kumi nyuma ya mdogo wake, na kwa vile Tokyo palishakaliwa akaenda kugombea Hokkaido, upande wa Muroran na Tomakomai, kupitia LDP. Watu walimpa jina la utani la kiumbe wa sayari nyingine, kwa yale macho na kwa namna anavyoongea utadhani yuko hapa na hayuko, na mkewe Miyuki, aliyewahi kuwa mwigizaji wa Takarazuka, lile kundi la maigizo ya muziki la wanawake watupu, hakusaidia alipoandika kwamba roho yake iliwahi kupelekwa Zuhura na chombo cha angani akiwa usingizini. Mimi nawapenda hawa wawili, siwezi kuficha.

Mwaka 1993 akahama LDP. Chama cha babu! 1996 akaanzisha chama cha Democratic na Kan Naoto, hela za mama zikafanya kazi, mdogo wake naye akaja, baadaye mdogo akaondoka akarudi LDP akawa waziri, huyu Kunio ni yule aliyekuwa waziri wa sheria 2007 akawaambia waandishi kwamba rafiki wa rafiki yake ni al-Qaeda, alimaanisha mtu anayefahamiana na mwenzake wa kukusanya vipepeo. Kweli kabisa. Waziri wa sheria.

Halafu ikaja tarehe 30 Agosti 2009. Waziri mkuu aliyekuwepo ni Aso Taro wa LDP, mjukuu wa Yoshida. Mpinzani wake Hatoyama Yukio, mjukuu wa Ichiro. Chama cha Yukio kikapata viti 308 kati ya 480, LDP wakabaki na 119. Yaani mjukuu wa aliyenyang'anywa akamtoa mjukuu wa aliyeshikilia, na chama alichokitoa madarakani ni kile kile ambacho babu yake alikuwa rais wake wa kwanza. Wakenya mliokulia na habari za Kenyatta na Odinga, wazee kwanza halafu watoto, nyie ndo mtaelewa nikisema hapo pale sebuleni nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Wiki zake za kwanza zilikuwa tamu. Kura za maoni zaidi ya asilimia 70 wanamkubali. Akaenda Umoja wa Mataifa akaahidi Japani itapunguza hewa chafu kwa asilimia 25 ukilinganisha na 1990. Ada ya sekondari ya juu za serikali ikafutwa kuanzia Aprili 2010. Akaleta posho ya watoto, yen 13,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, ingawa ahadi yenyewe ilikuwa mara mbili ya hiyo.

Sasa hapo hapo kwenye posho ndo palipomuumiza. Ikagundulika kwamba kwenye hesabu za mfuko wake wa siasa kuna wachangiaji ambao wameshakufa. Marehemu wanachangia! Waendesha mashtaka wakachimba, wakakuta hela nyingi zinatoka kwa mama yake, yen milioni 15 kila mwezi kwa miaka, jumla inapita bilioni moja. Yukio akasema hakujua. Msaidizi wake wa zamani akashtakiwa na kuhukumiwa kifungo cha nje, yeye mwenyewe hakushtakiwa ila akalipa kodi iliyokuwa haijalipwa, na Wajapani, ambao watu wanasema hawana utani, wakasema kumbe waziri mkuu na yeye anapokea posho ya watoto kutoka kwa mama. Alikuwa na miaka 62. Mimi katika hili namwamini kwamba hakujua, na sidhani hilo linamtetea, mtu anayepokea milioni 15 kwa mwezi asigundue ni mtu ambaye hajawahi kuangalia salio.

Ila kilichomwangusha ni Okinawa. Kuna kambi ya jeshi la Marekani inaitwa Futenma, iko katikati ya mji wa Ginowan, ndege zinapita juu ya shule na nyumba za watu, na mpango ulikuwepo wa kuihamishia Henoko, bado ni Okinawa ile ile, huko wafukie bahari. Wakati wa kampeni Yukio akaenda Okinawa akawaambia angalau itatoka nje ya mkoa. Angalau. Watu wa Okinawa walisikia. Novemba 2009 akakutana na Obama akamwambia niamini. Kwa hiyo ameahidi huku na ameahidi kule, vitu viwili visivyokaa pamoja, na mkoa mwingine wa kuipokea kambi hakuna, serikali ikauliza uliza mpaka kisiwa cha Tokunoshima, wenyeji wakaandamana kukataa. Mei 2010 akarudi Okinawa kuwaambia haiwezekani. Tarehe 28 Mei akakubaliana na Marekani kuwa ni Henoko, akamfukuza waziri Fukushima Mizuho aliyegoma kusaini, chama cha huyo mama kikatoka serikalini, na kura za maoni zikafika chini ya asilimia 20. Tarehe 2 Juni akatangaza kujiuzulu. Siku 266 jumla.

Mwenye udaktari wa hesabu za maamuzi.

Wengi wanasema alikuwa mpumbavu, hata magazeti ya Marekani yalimsema vibaya. Mi sioni hivo. Mimi naona alikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu kuuliza kwa sauti kwa nini mkoa mmoja maskini ubebe sehemu kubwa kiasi kile ya kambi za nchi nzima, swali lilikuwa sahihi, lakini alikuwa mtu aliyezoea kwamba ukitaka kitu kwa nia njema basi kinapatikana, kwa sababu kwao kilikuwa kinapatikana. Babu yake alisubiri miaka minane akiwa ameporwa kiti na mwili umepooza nusu, alijifunza kuhesabu kura moja moja na kupokea barua kwa mlango wa jikoni. Mjukuu alirithi jumba, sebule na kioo chenye njiwa. Ile miaka minane nani angemrithisha.

Ndo maana nasema ukifika panda juu ukakae kwenye chumba cha Ichiro kabla ya kuhukumu, halafu shuka ukazunguke sebule ukiwa na Yukio kichwani. Ghorofani majina ni ya wale watatu niliowataja, babu, bibi na baba, kwa hiyo ya Yukio inabidi uje nayo mwenyewe.

Na hapo ndo nyota yangu ya tano ilipobaki. Hii ni nyumba ya ukoo inayotunza kumbukumbu za ukoo, na nyumba ya ukoo popote duniani haiendi kukuandikia ukutani kisa cha profesa Takigawa au cha wachangiaji marehemu. Siwalaumu, hata mimi ya kwetu nisingeyaandika. Lakini mtu asiyejua akitoka hapo atadhani historia ya siasa ya Japani ni mawaridi, chai na wazee wenye heshima, na nyota moja kwa hilo ni haki yake kukatwa.

Nani aende: anayefuatilia siasa, anayependa majengo ya zamani, wanafunzi wa sheria na uhusiano wa kimataifa, na mtu yeyote anayechumbia, maana bustani ile kwa picha ni hatari. Nani asiende: wenye watoto wadogo wa kukimbia kimbia, kuna vitu vya zamani mle utalia, na anayetaka maskrini ya kubonyeza na roboti, hapa ni makabati, picha na maandishi. Kama Kijapani chako bado cha kuombea maji basi simu iwe na chaji, utahitaji programu ya kutafsiri.

Mnaouliza huyo Yukio yuko wapi saa hizi: alitoka bungeni 2012, chama chake kilitaka wagombea wote wasaini kufuata msimamo wa chama akagoma, na tangu hapo anazunguka dunia kama raia, 2015 alienda Crimea serikali yake ikachukia, mwaka huo huo akapiga magoti Seoul mbele ya mnara wa kumbukumbu kwenye gereza la zamani la Seodaemun ambako Wakorea walifungwa na kuteswa enzi za ukoloni wa Kijapani. Huko Korea walimheshimu sana, nyumbani wakamtukana sana. Kunio alifariki Juni 2016, na Oktoba ya mwaka huo huo mwanawe Jiro akashinda uchaguzi mdogo wa kumrithi kiti cha Fukuoka. Mtoto wa Yukio, Kiichiro, naye aliingia bungeni 2024, kwa chama kingine kabisa. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi, hawajaisha.

Mawaridi ni Mei mpaka Juni, halafu yanarudi tena vuli. Ratiba yao angalieni kabla ya kutoka nyumbani kwa sababu kuna siku na kuna miezi wanafunga, na jumatatu msijaribu. Ukitoka bado una nguvu, vuka upande wa Sekiguchi ukaone kanisa la Mt. Maria la Tange Kenzo, lile la chuma linalong'aa, ni karibu kwa miguu na kuingia hawatozi.